Mikono Ukutani: Shajara ya Vipindi Vyetu vya Jean Cocteau

14 Januari

Kanuni tumeiweka kabla ya kugusa kamera. Kila kipindi kitasimulia sehemu moja ya maisha au kazi ya Jean Cocteau, na ndani yake tutafanya kiinimacho kimoja alichokifanya yeye, kwa vifaa vya kununuliwa hapahapa Dar es Salaam, bila kompyuta kuongeza kitu baadaye. Kukata na kuunga ruksa. Kurudisha picha kinyumenyume ruksa, kwa sababu hata yeye alilitegemea hilo. Basi.

Kwa anayekutana na jina hili mara ya kwanza: ni Mfaransa, alizaliwa 5 Julai 1889 Maisons-Laffitte, mji wa farasi wa mashindano karibu na Paris, akafariki 11 Oktoba 1963 Milly-la-Forêt, kusini mwa jiji hilohilo. Katikati ya tarehe hizo aliandika mashairi, riwaya na tamthilia, akachora bila kuchoka, akatengeneza filamu, akapaka rangi makanisa, na kwa muda akamsimamia bondia. Wapinzani wake, na alikuwa nao wengi, walimwona mtu wa kudonoa kila sahani. Jibu lake lilikuwa namna alivyovipanga vitabu vyake: ushairi wa riwaya, ushairi wa tamthilia, ushairi wa uhakiki, ushairi wa michoro, ushairi wa sinema. Kazi moja, vyombo vingi.

Mimi namwamini, ila kwa sababu isiyotajwa sana. Wakati akitengeneza filamu ya *La Belle et la Bête* (Mrembo na Mnyama) aliandika shajara, na ukiisoma hukutani na mtu aliyefumba macho akingoja maono. Unakutana na umeme uliokatika, mkanda mbovu wa filamu, ngozi inayowasha, na mafundi wanaogongagonga mpaka usiku. Zile ndoto zilipigwa msumari. Vipindi vyote vitasimama juu ya jambo hilo.

19 Januari

Muswada wa kipindi cha kwanza. Mhariri wetu alitaka tuanze na kifo cha baba. Georges Cocteau, mwanasheria aliyependa kuchora, alijiua mwaka 1898, Jean akiwa bado mtoto. Ni kweli na ni zito, lakini ukianza nalo mtazamaji atakaa akisubiri kila kitu kielezwe kwa msiba huo mmoja. Nimeusogeza mbele, utajwe tutakapofika kwenye filamu yake ya kwanza, ambamo mshairi anajipiga risasi na watu waliokaa jukwaa la juu wanapiga makofi. Hapo hauhitaji maelezo.

Tutaanza na 1908. Mwigizaji maarufu Édouard de Max aliandaa hafla katika ukumbi wa Théâtre Femina ili mashairi ya kijana wa miaka 18 yasomwe mbele ya wakubwa wa Paris. Kijana akapata jina kabla hajajua alitumieje. Vitabu vitatu vya mwanzo alikuja kuvikana mwenyewe. Kilichomgeuza, kwa masimulizi yake, ni Serge Diaghilev, Mrusi mwenye kundi la dansi lililokuwa linatikisa Ulaya, kumwambia usiku mmoja barabarani: "Nishangaze."

Jibu lilichelewa miaka kadhaa, likaja 18 Mei 1917 katika ukumbi wa Châtelet: *Parade*. Wazo la Cocteau, muziki wa Erik Satie, mapazia na mavazi ya Picasso, hatua za dansi za Léonide Massine. Katika muziki mliwekwa king'ora, bastola na mashine ya kupiga chapa. Wachezaji wawili walivaa majumba ya karatasi ngumu yaliyowazidi kimo, wengine wawili wakawa farasi mmoja. Vita vilikuwa vinaendelea, watu wakazomea. Satie alimtumia mhakiki mmoja kadi ya matusi na kuhukumiwa siku nane jela, ingawa hakuzitumikia. Na katika karatasi ya maelezo ya onyesho hilo mshairi Guillaume Apollinaire aliandika neno "surréalisme", ambalo miaka michache baadaye lilichukuliwa na André Breton na wenzake kuwa jina la kundi lao la sanaa ya ndoto, watu ambao hawakumpenda Cocteau hata kidogo. Walimchukia hadi mwisho. Nikiwasoma naona sehemu ya chuki ile ilikuwa ya hoja, sehemu ilikuwa ya watu wasiomvumilia shoga aliyealikwa kila karamu.

Mashine ya chapa tumeikodi kwa mpiga chapa mmoja wa mjini. Alitaka kujua tunaandika barua gani. Tulipomwambia tunataka mlio tu, alicheka, kisha akakaa mwenyewe akaipiga kwa mwendo mzuri kuliko wetu. Sauti yake ndiyo itakayotumika.

24 Januari

Nimekata ukurasa mzima kuhusu miaka ya 1920. Kinachobaki: Raymond Radiguet, mwandishi kijana aliyempenda na kumwongoza, alikufa kwa homa ya matumbo 12 Desemba 1923 akiwa na miaka 20. Cocteau akaangukia kasumba. Akaingia kliniki, akatoka, akarudi. Akiwa kwenye matibabu Saint-Cloud mwaka 1929 aliandika riwaya *Les Enfants terribles* kwa siku 17, na kutokana na matibabu hayohayo kikapatikana kitabu cha maandishi na michoro, *Opium*, kilichotoka 1930. Michoro ya kitabu hicho inatisha: miili iliyoundwa kwa vijiti vya kuvutia kasumba. Tutaionyesha kwa sekunde chache, bila maneno.

27 Januari

Keko, kwa mafundi seremala.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Leo nini, kabati?"

"Ukuta, baba. Wa mbao nyembamba, wenye matundu ya kupitisha mkono."

"Matundu mangapi?"

"Sita."

"Wa banda la kuku?"

Nikamweleza: kasri, usiku, mtu anaingia, na mikono hai imetoka ukutani imeshika vinara vya mishumaa. Alinyamaza, akauliza mkono utakaa hapo kwa muda gani kabla ya kufa ganzi. Mtu wa kwanza kuuliza swali hilo. Akashauri kibao cha kuegemezea kiwiko upande wa nyuma, ambako kamera haioni, na kitambaa kizunguke tundu ili mbao isimchune mtu ngozi. Kibao hicho sasa kimo kwenye mchoro. Atatutengenezea pia ubao mfupi wa magurudumu manne, wa kubeba mtu mzima aliyesimama.

3 Februari

Siku ya mishumaa. Kwanza asili yake.

*La Belle et la Bête* ilianza kupigwa picha mwishoni mwa Agosti 1945 na kazi ikaendelea hadi Januari 1946. Ufaransa ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani. Hadithi ni ya Madame Leprince de Beaumont, ya karne ya 18: baba anachuma waridi moja kwenye bustani ya Mnyama, na binti yake, Belle, anakwenda kulipa deni. Nyumba ya baba ilipigiwa picha Rochecorbon, bonde la Loire. Kuta za nje za kasri, zile zenye sanamu za mbwa wa mawindo, ni za Raray, kaskazini mwa Paris. Ndani ya kasri ni studio. Mkanda wa filamu ulikuwa adimu, ukapatikana wa aina tofauti tofauti, na kila aina ilikuwa na rangi yake ya kijivu. Umeme ulikuja na kuondoka. Hata mashuka ya kuanika uani kwa ajili ya onyesho moja yalikuwa shida kupatikana.

Mwili wa Cocteau nao uligoma. Ngozi ilimharibika kwa ukurutu na majipu kiasi kwamba taa za studio zilimtesa, ikabidi alazwe Institut Pasteur huku René Clément, aliyekuwa mshauri wake wa ufundi, akiendesha kazi. Kwenye kiti cha jirani Jean Marais, mwigizaji wa Mnyama, alikuwa na mateso yake: kumvalisha uso wa Mnyama kulichukua kama saa tatu, na kila mkono saa moja. Marais alipendekeza Mnyama awe na kichwa cha kulungu dume. Christian Bérard, mbunifu wa mapambo na mavazi, alikataa: mla majani hamtishi mtu, lazima awe mla nyama. Alikuwa sahihi kabisa. Uso ule ulibandikwa nywele kwa umakini wa ajabu, na kinachoonekana cha Marais mwenyewe ni macho tu, ndiyo maana yanasema mengi.

Jambo ambalo nataka likae katika kipindi hiki hata kama tutakata mengine: mabishano yake na mpiga picha Henri Alekan. Alekan alielekea kwenye ukungu na ulaini, maana ndivyo watu wengi hudhani ushairi unavyoonekana. Cocteau alitaka makali, kila kitu kionekane wazi, kama mtu anarekodi habari za tukio lililotokea kweli. Nyumbani kwa Belle alitaka mwanga wa mchoraji Vermeer, kasrini michoro ya Gustave Doré. Alishinda hoja, na Alekan akatoa kazi iliyompa jina maisha yake yote. Ukitaka mtu aamini mkono unaotoka ukutani, mwonyeshe kucha zake.

Sasa sisi. Onyesho: mfanyabiashara anaingia ukumbini, mishumaa inawaka yenyewe mmoja baada ya mwingine anapopita. Njia ni kuwasha yote kwanza, mwigizaji atembee kurudi nyuma, mishumaa izimwe kwa zamu, kisha picha igeuzwe. Kwenye karatasi ni rahisi. Kinachosumbua ni mwili. Mpwa wangu, anayecheza mfanyabiashara, akitembea kinyume uzito wake unaangukia vidole kabla ya kisigino, na picha ikigeuzwa mguu unaonekana umekanyaga kabla haujafika. Dawa tuliyoipata ni kanzu ndefu inayofagia sakafu. Miguu haionekani, mwendo unakuwa wa kuteleza kidogo, na kwenye ukumbi ule wa giza unapendeza.

Macho nayo yana hesabu yake. Mtazamaji anatakiwa aone mshumaa umewaka, *kisha* mtu ashtuke na kuutazama. Kwa hiyo wakati wa kupiga picha mtu anautazama kwanza, anageuza uso polepole, ndipo unazimwa. Kushtuka kinyume ni kazi ngumu: lazima uanze na mshangao ulioiva na kuupunguza hadi uwe hujui kitu. Mpwa alikaa mbele ya kioo bafuni akijifunza kusahau.

Kuzima tulitumia mrija mrefu wa plastiki, mtu kajificha chini ya kila kinara akipuliza. Feni haifai, inayumbisha ndimi zote. Zawadi ambayo hatukuitegemea ni moshi. Mshumaa ukizimwa hutoa uzi wa moshi kwenda juu, na picha ikigeuzwa uzi huo unashuka kutoka gizani, unaingia kwenye utambi, ndipo moto unazaliwa. Hakuna programu ingenipa hiyo.

Mikono sita ukutani ni ya vijana wa mtaani. Kibao cha fundi kimefanya kazi, hakuna aliyelalamika ganzi. Mmoja alilalamikia nta.

6 Februari

Ubao wa magurudumu umefika. Katika filamu Belle anapita kwenye ukumbi mrefu wenye mapazia meupe yanayopepea, na hatembei: anasogezwa, gauni limefunika kilichombeba. Tumejaribu kwenye veranda ya shule moja yenye sakafu ya terazo, feni mbili, pazia za kuazima. Kamba inavutwa na watu wawili walio nje ya picha. Mwigizaji wetu alijifunza haraka kwamba magoti yakikazwa anatikisika, yakilegezwa kidogo anaelea.

16 Februari

Vioo. Hapa nimechukua muda mrefu, maana vioo ndiyo mlango wa Cocteau wa kila kitu.

*Le Sang d'un poète*, filamu yake ya kwanza ambayo watu wameiona, aliipiga 1930 kwa faranga milioni moja alizopewa na Charles de Noailles, tajiri aliyelipia pia *L'Âge d'or* ya Luis Buñuel. Ghasia zilizoipata filamu ya Buñuel zikaichelewesha ya Cocteau hadi Januari 1932. Humo mshairi anasukumwa na sanamu inayozungumza (ni Lee Miller, aliyekuja kuwa mpiga picha wa vita) aingie ndani ya kioo, naye anaruka na kioo kinamwagika. Siri yake: kioo kile ni dimbwi la maji, na chumba kimejengwa kimelazwa. Baadaye mshairi anajikokota ukutani kwenye korido ya hoteli kana kwamba hewa imegeuka tope. Ukuta umelazwa sakafuni na kamera iko juu. Watoto wa mtaani walipoona kipande hicho waligundua siri kabla sijafungua mdomo, wakaanza kujilaza kwenye sakafu ya baraza kufanya vivyo hivyo. Tumewapiga picha. Imeingia kwenye kipindi.

Miaka 20 baadaye, katika *Orphée* ya 1950, filamu ya mshairi anayemfuata mkewe ahera, maji hayakumtosha tena. Alitaka mikono tu izame kwenye kioo, na maji yana mawimbi yanayosaliti, tena yanaonyesha kilichozama. Akatumia beseni la zebaki. Zebaki inaakisi mkono uliobaki juu na kuuficha ulioingia, bila duara hata moja. Orphée anavaa glovu za mpira ndipo apite, na kuvaa kwenyewe ni picha ya kuvua iliyogeuzwa, hivyo glovu zinaonekana kuurukia mkono zenyewe.

Glovu tumefanya, za kuoshea vyombo, za njano. Imetoka vizuri mno kwa vitu vya bei ile.

Zebaki hatugusi. Nchi hii inaijua kutokana na wachimbaji wadogo wa dhahabu, na inajua inavyowaumiza. Badala yake tumechukua sinia pana, maji yaliyotiwa wino mweusi, kamera imelala chini karibu na usawa wa maji. Ukitazama kutoka pembeni sana maji meusi yanaakisi vizuri, na kina hakionekani. Mawimbi yapo. Yanapungua mkono ukiingia kwa kuchomeka vidole taratibu, wima kabisa. Si zebaki, na katika kipindi nitasema hivyo, kisha nionyeshe sinia.

Kitu kingine cha *Orphée* ambacho lazima kiingie: redio ya gari. Orphée anakaa kwenye gari la Kifo, ambaye humo ni mtu, akinukuu sentensi za ajabu zinazotoka redioni, akidhani amepata mashairi bora kuliko yake. Watazamaji wa 1950 hawakuhitaji kuelezwa. Wakati wa vita BBC ilikuwa inatuma sentensi kama hizo kwenda Ufaransa, zisizo na maana kwa yeyote isipokuwa wapiganaji wa siri waliozisubiri. Na ule ulimwengu wa katikati ya walio hai na wafu, wenye kuta zilizobomoka, ni magofu halisi ya chuo cha kijeshi cha Saint-Cyr kilichopigwa mabomu. Hakujenga ahera, aliikuta njiani.

21 Februari

Mabishano ya nyumbani kuhusu Féral Benga. Yeye ni Msenegali, mzaliwa wa Dakar, mchezaji dansi aliyekuwa nyota wa Folies Bergère, ukumbi wa burudani wa Paris. Katika *Le Sang d'un poète* ndiye malaika mlinzi. Mtoto amekufa kwenye theluji kwa kupigwa na bonge lililorushwa na mwenzake wa shule, mshairi anacheza karata juu ya maiti, naye anaiba rea ya kopa kutoka koti la mtoto. Benga anashuka ngazi, anaufunika mwili, anaichukua karata mkononi mwa mwizi, anaondoka. Bila karata hiyo mshairi amekwisha.

Mhariri anasema huyo ni mtu mweusi aliyetumiwa kama pambo, mwili unaong'aa usio na neno la kusema, na tukimpamba tena tutakuwa tunarudia. Mimi naona vilevile, pia naona kwamba katika filamu nzima ndiye pekee mwenye haki ya kunyang'anya. Wengine wote wanadanganya, wanatazama au wanapiga makofi. Tumekubaliana: kipindi kitampa dakika zake mwenyewe, kianze na Dakar na Folies Bergère, si na Cocteau, na sauti zetu mbili zisikike zikipingana.

Makofi yenyewe yana kisa. Noailles na rafiki zake walipigwa picha wakishangilia kutoka jukwaa la juu bila kuambiwa wanashangilia nini. Walipokuja kuona kwamba ni mtu anajiua, ndugu zao walikuja juu, sehemu hiyo ikapigwa upya na watu wengine, akiwemo Barbette, Mmarekani wa sarakasi aliyetumbuiza akiwa amevaa kike.

Wakati wa kumalizia, alisimulia Cocteau, wafagiaji wa studio waliambiwa waingie na mifagio. Yeye alitaka kugombana, mpiga picha Georges Périnal akamzuia: vumbi lile likipigwa na taa kali lilikuwa zuri. Likabaki. Fundi wa Keko nimemsimulia hiki, akasema huyo Périnal angefaa karakana.

Panama Al Brown, bondia mweusi kutoka Panama, tutampa kipindi cha pekee baadaye. Cocteau alimkuta 1937 akicheza dansi kwenye kabareti, ameshapoteza ubingwa wa dunia na kuzama kwenye ulevi, akamshawishi arudi mazoezini. Machi 1938 Brown alimshinda Baltasar Sangchili, mtu aliyempokonya mkanda. Mshairi kisha akamwomba aache ngumi. Mpwa wangu hataki kusubiri, anataka kiwe kipindi cha pili.

1 Machi

Vita. Sikutaka kipindi hiki kiwe kirefu na hakitakuwa.

Mei 1942, Paris ikiwa chini ya Wajerumani, Cocteau aliandika makala kwenye gazeti *Comœdia* kumsifu Arno Breker, mchongaji aliyependwa na Hitler. Hakuna namna ya kulisafisha. Mwaka huohuo na uliofuata, magazeti ya mrengo wa kulia yalimtukana yeye na Marais, na 1943 alipigwa Champs-Élysées na wafuasi wa jeshi la Wafaransa waliojiunga na Wajerumani, kwa kutosalimu bendera yao. Max Jacob, rafiki yake mshairi mwenye asili ya Kiyahudi, alipokamatwa 1944, Cocteau alihangaika kumwombea. Jacob akafia kambi ya Drancy mwezi Machi. Baada ya ukombozi, kamati za kuwachunguza walioshirikiana na adui zilimwachia Cocteau.

Mhariri aliuliza tumalizie na kuachiwa au na makala. Tutamalizia na makala, tarehe na jina la gazeti vikiwa kwenye skrini. Mtu aliyejali umbo kuliko kitu kingine chochote alitazama misuli ya shaba na hakutaka kuona aliyeilipia. Hayo ni maneno yangu, nayasema kwa sauti yangu.

9 Machi

Ukuta wa kuchora. Dada yangu ametupa ukuta wa chumba cha nyuma, kwa sharti kwamba tukimaliza tuupake chokaa upya.

Mwaka 1950 Cocteau alialikwa na Francine Weisweiller kwenye nyumba yake, Santo Sospir, Saint-Jean-Cap-Ferrat. Alikuja kwa siku chache. Akaomba kuchora juu ya meko, kisha mchoraji Matisse akamwambia ukipamba ukuta mmoja utavipamba vyote, na ndivyo ilivyokuwa. Alisema hakuivalisha nyumba nguo, aliichora chale ngozini. Alitumia mkaa kwa mistari na rangi za unga zilizochanganywa na maziwa. Kutoka pale akapewa kuta kubwa zaidi: chumba cha ndoa katika ukumbi wa mji wa Menton, kanisa la Wafaransa karibu na Leicester Square jijini London, na kabla ya hayo kanisa dogo la Mtakatifu Petro, Villefranche-sur-Mer.

Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Lilikuwa la wavuvi, waliolifanya stoo ya nyavu. Cocteau alilijua tangu miaka ya 1920 alipokuwa akikaa Hoteli Welcome, ng'ambo tu ya barabara, na ilimchukua miaka kuwashawishi wakubali. Likafunguliwa 1957. Petro anatembea juu ya maji kwa kusitasita, samaki wanamtazama, wanawake wa Villefranche wamesimama na vikapu, na mlangoni kuna nyuso mbili zenye macho ambayo hayakuachi. Senti za kiingilio huenda kwa wavuvi. Mtu wa pwani hahitaji kutafsiriwa haya.

Mkono wake ni mstari mmoja usioinuliwa. Kwenye kitabu chake *Dessins* cha 1923, akimwandikia Picasso, alisema washairi hawachori. Wanafungua fundo la mwandiko na kulifunga upya kwa namna nyingine. Nimejaribu uso wa pembeni kwa mkaa, kutoka paji hadi kidevu bila kusita. Chokaa ya dada ina chembechembe zinazoudaka mkaa, mstari unakwaruza na kuruka. Maziwa na unga wa rangi vimeshika vizuri, ila chumba kimeanza kunuka na paka wa jirani amehamia. Cocteau angefurahi. Katika kanisa la Milly-la-Forêt, kati ya mimea mirefu ya dawa aliyoichora ukutani mwaka 1959, aliweka paka.

Amezikwa humo. Kaburini pameandikwa kwa Kifaransa kwamba anabaki nasi. Alikufa siku ileile Paris ilipotangaziwa kifo cha Édith Piaf, ambaye alikuwa amemwandikia mchezo mwaka 1940, na magazeti ya Ufaransa yakawaweka pamoja. Mwanachama wa Académie française, baraza la heshima la lugha ya Kifaransa, tangu 1955, mwenye upanga wake kiunoni, na mwimbaji wa mitaani, ukurasa mmoja.

15 Machi

Hali ya kazi. Kipindi cha *Parade* kimekamilika. Cha mishumaa kinangoja sauti tu. Umeme ulikatika wakati wa kuhamisha faili, hakuna kilichopotea. Cha vioo kina urefu wa kupindukia na sijui nikate nini, kwa sababu mhariri anataka redio ibaki na mimi nataka watoto wa baraza wabaki. Cha vita ni dakika nne, na kitabaki hivyo. Benga bado: tunatafuta mtu wa kusoma sehemu ya Dakar, ikiwezekana mwenye Kiwolofu cha nyumbani ili majina yatamkwe sawasawa.

*Le Testament d'Orphée* tumeiweka mwisho wa mfululizo. Ilitoka 1960, Cocteau akicheza nafsi yake mwenyewe akiwa na umri wa miaka 70, mwongozaji François Truffaut akisaidia fedha kutokana na filamu yake iliyofanya vizuri mwaka uliotangulia. Picha nyingi ni za machimbo ya mawe ya Les Baux-de-Provence. Kuna onyesho ambamo anashika ua la hibiskasi lililochanika na kulirudisha kuwa zima, petali kwa petali, na hila yake ni ileile ya mishumaa yetu: alilichana mbele ya kamera, wakageuza. Hibiskasi ziko uani kwa dada, nyekundu. Jumanne asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, mpwa atashika taa na mimi nitachana. Fundi wa Keko anataka kuja kutazama. Nimemwambia alete ile stuli fupi.